Mumi Hana Magamba

Kwenye ukanda wa dhahabu, samaki wakifa mshtakiwa wa kwanza ni mgodi. Ng'ombe akitupa mimba, mgodi. Mtoto akitoka vipele, mgodi. Sisemi kwamba watu wanazusha. Zebaki imemwagwa miaka mingi kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, kuanzia Nyarugusu hadi vijiji vya Kahama, na sianidi inayotumika kuchenjua marudio ya mawe yaliyosagwa si kitu cha kuchezea. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 kwa sababu serikali ilijua zebaki iko mikononi mwa wachimbaji wadogo, tena mikono mitupu isiyo na glavu. Kwa hiyo baba mdogo alipokuta vifaranga wake wa mumi wanaelea, jioni moja ya mwisho wa Septemba, hakuhangaika kutafuta sababu. Alivaa viatu, akachukua baiskeli, akaenda kumkabili mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye keria.

"Shikamoo baba," mwenye karasha alituamkia. Alikuwa kijana, vumbi la mawe limemjaa hadi kwenye kope.

"Marahaba ya nini, wakati unanimaliza?"

Kijana alisikiliza malalamiko yote bila kukatiza. Kisha akanyoosha mkono kuelekea tulikotoka. "Baba, karasha langu liko bondeni. Kisima chako kiko kule juu. Maji yangu yapande mlima?"

Baba mdogo alijua jibu lile lina akili, na ndiyo maana lilimkera zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa duara. Aliingia machimboni angali kijana, akatoka na kifua kibovu na fedha kidogo, na fedha hiyo akaapa haitarudi chini ya ardhi. Akaiweka kwenye mumi wa chambo.

Biashara yenyewe ni nzuri kuliko inavyosikika. Kitabuni samaki huyu ni kambale, na wanasayansi humwita Clarias gariepinus, lakini Kanda ya Ziwa ni mumi tu. Wavuvi wa sangara wanaotega ndoano humtaka angali mdogo, wa urefu wa kidole, akiwa hai. Wanamtaka kwa ugumu wake: ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa juu ya matamvua, hivyo akitungwa kwenye ndoano hutapatapa saa nyingi kabla ya kufa, na sangara hapiti mbali na kitu kinachotapatapa. Sangara naye ni mgeni aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na tangu mabondo yake yaanze kusakwa na wanunuzi wa Asia, mvuvi yuko tayari kulipia chambo kizuri. Mwenye vifaranga wengi hakosi mteja.

Tatizo ni kuwafikisha hadi urefu huo wa kidole.

Baba mdogo alijenga bwawa lake kwa kuiga picha alizoonyeshwa kwenye simu. Alichimba shimo pana lenye kina cha kufika magotini, akalitandika turubai jeusi la plastiki, akalijaza maji ya kisima kirefu. Maji yale yalikuwa maangavu mno. Ungedondosha sarafu, ungesoma mwaka wake ikiwa chini. Wageni walipokuja aliwapeleka kwanza bwawani, kabla ya kuwakaribisha viti, na kila mmoja alisifu usafi wake. Hapakuwa na mti jirani. Alikuwa ameukata uliokuwepo ili majani yasichafue maji.

Wakati huo nilikuwa nasomea uvuvi Nyegezi, Mwanza, nimerudi nyumbani likizo. Kichwani nilikuwa na orodha ya magonjwa ya samaki na dawa zake, nikaanza kuyapitisha moja baada ya jingine. Lakini aliyevunja kesi ni mama mdogo. Alichota vifaranga kwenye bakuli la bati, akawageuza kwa kidole, huyu na huyu, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akamwambia mumewe:

"Baba watoto, sumu gani hii inayochagua mgongo?"

Ilikuwa kweli. Tumboni walikuwa salama. Mgongoni, kuanzia kisogoni kuelekea mkiani, ngozi ilikuwa imepauka na kuwa ya kijivu, utelezi umeondoka, na waliokuwa wameumia zaidi walikuwa wameshaota ukungu mweupe kama pamba. Sumu iliyo ndani ya maji humwogesha samaki mwili mzima, na mahali inapoanzia kazi yake ni kwenye matamvua. Matamvua ya vifaranga hawa yalikuwa mekundu, mazima. Na wale waliokuwa bado hai walikuwa wamejibana sehemu moja tu, chini ya bomba la kuingizia maji, kwenye ukanda mwembamba wa kivuli.

"Nimeshaiona ngozi hii," mama mdogo alisema, akaweka bakuli chini.

Aliiona wapi, nilijua bila kuuliza. Kabla ya hapo alikuwa amemlea binti wa dada yake, mtoto mwenye ualbino. Alimjua mtoto yule kwa ngozi yake: mahali panapotangulia kuungua ni ncha za masikio, shingo kwa nyuma, mabega, na pua. Chini ya kidevu hapaungui. Aliyemfunika mtoto kwa kanga kila siku kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni anajua jua linagusa wapi na linaacha wapi, kuliko mtu mwenye cheti cha ukutani.

Tukafanya jaribio, tena la kienyeji kabisa. Maji yale yale ya kisima, vifaranga wa uzao mmoja, mabeseni ya rangi moja. Mengine tuliyaweka chini ya mwembe wa jirani, mengine wazi juani. Mengine tuliyafunika kwa kioo cha dirisha, tukiacha upenyo wa hewa, kwa kuwa nilikumbuka darasani kwamba kioo cha kawaida huruhusu mwanga na joto kupita lakini huzuia sehemu kubwa ya mionzi ile mikali ya UVB. Nilitaka kujua kama muuaji ni joto au ni kitu kingine. Maji ya chini ya kioo yalipata moto sawa na ya juani, pengine zaidi. Vifaranga wa juani walipauka mgongoni, wakaanza kufa. Wa chini ya kioo walichoka na wachache wakapauka, ila wengi walipona. Wa mwembeni walikuwa wanapigania chakula. Sio jaribio la kupeleka kwenye jarida la sayansi, lakini baba mdogo aliliangalia, akashika panga, akaenda kukata matete.

Tangu hapo nimesoma zaidi juu ya jambo hili kuliko nilivyosoma jambo lolote darasani, na kila nilichosoma kimenishangaza.

Kwanza, ngozi ya samaki si ngozi yetu. Sisi tabaka la nje kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, zilizokauka, zinazobanduka polepole. Jua linapiga maiti kwanza kabla ya kufika kwa walio hai. Samaki hana ngao hiyo. Seli zake za nje kabisa ziko hai, na kinachozitenga na dunia ni utelezi tu. Sato hukua akapata magamba. Mumi hapati hata akizeeka. Na kifaranga aliyeanguliwa juzi, awe wa sato au wa mumi, ngozi yake ni seli chache tu kwa unene, na mwili unapitisha mwanga kiasi cha kuona moyo ukidunda.

Ngozi hiyo nyembamba ina kazi zaidi ya kufunika. Siku za mwanzo, kabla ya matamvua kukomaa, kifaranga huvuta hewa ya oksijeni kupitia ngozi. Ngozi hiyo hiyo ndiyo inayozuia maji ya nje yasimjae, kwa kuwa damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji anayoogelea. Ikichubuka mgongoni, maji yanaingia, chumvi inatoka, bakteria na ukungu wanapata mlango. Mkulima huona ukungu na kununua dawa ya ukungu. Ukungu ni mgeni aliyekuta mlango umevunjwa tayari.

Kinachovunja mlango ni mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho yetu. UVB ndiyo kali zaidi kwa vinasaba: hugandanisha herufi mbili jirani kwenye uzi wa DNA, na seli ikijaribu kunakili uzi huo inakwama au inanakili vibaya. UVA hupenya zaidi ndani ya maji na huzalisha kemikali zinazounguza seli kutoka ndani. Maji ya Ziwa Victoria yakishatoka Jinja yanasafiri na Nile hadi Misri, na huko, katika Chuo Kikuu cha Assiut, watafiti wamemchunguza mumi huyu huyu wetu. Walipoweka mayai na vifaranga chini ya taa za UVA waliona vinasaba vilivyoharibika na miili iliyopinda. Baharini nako, mwaka 2012 watafiti waliripoti saratani ya ngozi kwa samaki wa porini wa Great Barrier Reef, Australia: kati ya samaki 136 waliochunguzwa, 20 walikuwa na madoa hayo. Hawakuthibitisha kwamba jua ndilo lililosababisha, ila ndilo walilolishuku.

Sasa rudi Geita, kwenye bwawa la baba mdogo. Mji uko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na uso wa ziwa lenyewe uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kuchuja mionzi ni pungufu kuliko ya pwani, na tabaka la ozoni kwa asili ni jembamba zaidi katika nchi za joto kuliko karibu na ncha za dunia. Mwishoni mwa Septemba na kuingia Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa, kabla mvua za vuli hazijaleta mawingu. Kipimo cha mionzi ambacho Shirika la Afya Duniani huita cha hatari kubwa mno huanzia 11. Kwetu kukifikia na kukipita mchana wa anga jeupe si habari. Vifaranga wa baba mdogo waliwekwa bwawani wiki mbaya kuliko zote za mwaka, kwenye maji ya magotini, bila tope, bila jani.

Usidhani samaki ameachwa bila silaha. Ana kimeng'enya kinachoitwa fotolaizi, ambacho kinatumia mwanga wa buluu kuzibandua herufi zilizogandana kwenye DNA. Yaani jua linaloharibu ndilo pia linaloendesha fundi wa kukarabati. Sisi binadamu tulikipoteza kimeng'enya hicho, pamoja na wanyama wengine wanaolea mimba kwa kondo la nyuma. Samaki wana pia gadusoli, kinga ya jua ambayo ilidhaniwa wanaipata kwenye chakula, hadi mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, walipoonyesha kwamba samaki wanaitengeneza wenyewe. Wana melanini inayowatia weusi kadiri wanavyokua. Silaha zote hizi zinatosha kwa samaki aliye mahali pake. Mama sato hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na mdomo ule ni kivuli kabla ya kuwa kitu kingine. Mumi hutaga mvua zinapofurika, kwenye majani yaliyofunikwa na maji machafu, na watoto wake hukimbia mwanga kwa silika. Ni sisi tunaowatoa mdomoni mwa mama na kwenye majani, tukawaweka kwenye plastiki inayong'aa.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa taaluma. Tumewafundisha wakulima kupenda maji maangavu. Nenda Shinyanga vijijini, angalia malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya mifugo. Maji ni rangi ya chai ya maziwa, kwato za ng'ombe zimeyakoroga tangu asubuhi, na ndani yake mumi na perege wanazaliana bila mtaalamu. Tope na mabaki ya majani yaliyooza hunyonya UVB ikaisha ndani ya sentimita chache. Tope lina gharama zake, sikatai. Ziwani, kuchafuka kwa maji kumechangia kuwapunguza samaki wadogo waitwao furu: Ole Seehausen na wenzake, waliofanya kazi kwenye maji ya Mwanza, walionyesha mwaka 1997 katika jarida la Science kwamba maji yasipokuwa maangavu majike hushindwa kutofautisha rangi za madume, na aina zinachanganyikana. Na bwawa la kijani sana huishiwa oksijeni alfajiri, jambo linaloua kifaranga wa mumi ambaye kiungo chake cha kupumulia hewa hakijakomaa. Lakini kati ya supu ya kijani na kioo kuna mahali pa kusimama. Kipimo cha zamani kinatosha: zamisha mkono hadi kiwiko, na vidole vikianza kupotea machoni, maji yako yana kivuli chake yenyewe.

Shinyanga inapaswa kuelewa habari ya kivuli kuliko mkoa wowote. Miti yake ilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza kufukuza mbung'o, kisha kupisha pamba, hadi nchi ikabaki wazi na kuitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986 haukuleta kitu kipya sana. Uliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili zao, yale malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yatumike kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa kuacha. Acha ardhi ijifunike.

Binti yule aliyelelewa na mama mdogo aliishia Shinyanga pia, kwenye kituo cha Buhangija, ambako watoto wengi wenye ualbino walikusanywa miaka ile ya hofu. Kuanzia mwaka 2007 dunia ilianza kusikia kuhusu mauaji ya watu wenye ualbino, na mikoa iliyotajwa zaidi ilikuwa yetu hii, ya dhahabu na ya ziwa. Waganga waliwaambia wachimbaji kwamba kiungo kitavuta dhahabu. Waliwaambia wavuvi kwamba nywele zikisukwa kwenye nyavu sangara watajaa. Nimefanya kazi na wavuvi maisha yangu yote ya ajira, na nasema bila kupepesa: aliyeamini vile alikuwa na macho ya kuona samaki kila siku na hakuwahi kumwangalia samaki. Nyavu hujaa kwa kujua mwezi, upepo na mahali samaki wanapolisha.

Siku nilipokwenda Buhangija kumtembelea, nilitembea na mlezi uwanjani wakati wa mapumziko. Watoto walicheza kwa kufuata kivuli cha jengo. Kivuli kikihama, mchezo unahama. Kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua. Mafuta ya Kilisun hutengenezwa hapa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino, maana ya dukani bei yake haishikiki. Mlezi alinieleza kwamba watoto wakifika wakubwa kidogo wengi wanajitunza vizuri. Hatari ni wale wadogo wasiojua bado, na wale wanaorudi nyumbani likizo wakatumwa shamba mchana.

Muuaji mkubwa wa watu wenye ualbino Tanzania hakuwa mganga. Ni saratani ya ngozi, na wengi hufika hospitali imeshachelewa. Hili halipunguzi uovu wa panga. Linasema tu kwamba tulikesha tukimlinda mtoto usiku, halafu mchana tukamtuma kuchunga mbuzi kichwa wazi.

Baba mdogo bado anafuga. Alijenga dari la matete juu ya nusu ya bwawa, akaliacha nusu wazi ili mwanga uoteshe chakula cha asili, na vifaranga wanachagua wenyewe upande wa kukaa kulingana na saa. Aliongeza kina kikazidi mita moja. Akamwaga samadi kidogo, maji yakabadilika rangi, na wageni wakaacha kuyasifu. Mwenye karasha alikuja kununua mumi kwa ajili ya shemeji yake mvuvi, wakasalimiana vizuri tu, ingawa maji ya karasha lile yanatuama pale pale bondeni na bado hayajapimwa.

Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya ufugaji samaki huomba kutoka mafungu yote matatu, na maandiko ya miradi ninayoletewa kusoma yana turubai, pampu, chakula na vifaranga. Neti ya kivuli haimo. Maafisa uvuvi wa Geita, Chato, Kahama na Shinyanga, msipitishe andiko la bwawa la kulelea vifaranga ambalo halina kivuli. Na kikundi kikiwa na wanachama wenye ualbino, kivuli hicho kirefushwe hadi pale anaposimama mlishaji.